Gome Uliloacha Juu ya Boriti

Fundi Swadiki,

Kwa heshima zote unazostahili, na kwa huzuni ya kadiri, ninakutangazia kwamba ngazi yako imefariki dunia. Imefia kazini, ndani ya msikiti wa kwenu Ludara, huko Koboko, mbele ya mashahidi wa dini mbili. Chanzo cha kifo ni uzee. Kilitangulia kipandio cha juu, ukafuata mguu mmoja, kisha ikaanguka yote, na mimi niliyekuwa juu yake nikaifuata kwa utii. Mabaki yake niliyasafirisha mpaka kwangu Oli, mjini Arua, kwa bodaboda, yakapumzishwa chini ya sufuria ya maharage ya mke wangu. Anasema zilikuwa kuni nzuri. Mimi nimepona, ila kwa muda nilikuwa nakaa upande mmoja tu, na majirani wakauliza kama nimeanza kujivuna.

Hiyo ndiyo habari kubwa. Zinazofuata ni habari ndogo ndogo, kwa mfano ile ya paa la babu yako.

Kwanza karakana. Ipo. Mvua ikinyesha mto unatuletea takataka za Arua nzima mpaka mlangoni, kama zamani. Benchi lako sijalihamisha, ingawa linanigonga nyonga kila asubuhi, kwa sababu uliliweka upande wa mtu anayetumia mkono wa kushoto na mimi bado natumia wa kulia. Wateja siku hizi wanataka milango ya chuma. Sisi wa mbao tumebakiwa na vitanda na majeneza, na vitanda vyenyewe watu wanaomba vifanane na walivyoviona kwenye simu. Nimenenepa. Mke wangu aliwaambia wageni kwamba ni huzuni ya kukupoteza. Nadhani alinionea huruma, maana aliona chapati zilivyokuwa zinaisha.

Utacheka Kiswahili changu cha karatasi. Hiki nilikipata Kenya ujanani, nilipokuwa nabeba mbao za watu. Cha kwetu sisi wawili kilikuwa kile cha jeshi na soko, wewe Mkakwa, mimi Mlugbara, "iko" na "hapana" basi, na kwa maneno hayo machache tulijenga nusu ya Koboko na tukagombana bila kupungukiwa na kitu. Lakini nikikiandika hakikai vizuri. Kile kinataka mdomo wako.

Sasa msikiti. Ulipoondoka, haukupita muda mrefu kamati ikakaa. Watu wa Ludara wamekuwa wengi, siku ya Ijumaa wengine wanasali nje juani, na kuta zile za zamani zina nyufa ambazo mjusi anapita bila kuinama. Wakataka kubomoa na kujenga mpya palepale. Mke wako, Mama Zubeda, akapeleka ujumbe kwamba paa lisiguswe. Haji, mwenyekiti wao, mtu unayemjua kwa kupenda mambo yaliyonyooka, akatoa hukumu mbele ya wote: "Kama hii paa iko ya wazee wa kwanza, itabaki, tutajenga ingine pembeni. Kama hapana, inaanguka." Watu wakaitikia. Kila mmoja aliamini kesi imeisha, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameisikia hadithi yako.

Nani hakuisikia? Babu yako, askari aliyerudi kutoka vita vya Mfalme wa Uingereza na bega moja bovu, akakata misaji, ile miti tunayoiita tiki, akazichonga boriti na kuzipandisha yeye na wenzake wachache, wote maaskari waliochoka kupiga risasi. Uliisema harusini, uliisema matangani, ulimwambia hata yule mteja aliyekuja kununua kigoda tu na alikuwa na haraka. Na kila mwaka boriti za babu zilirefuka kidogo. Nakumbuka nilivyokuuliza, "Fundi, mwaka kesho babu atafika Kampala na hii paa?" Ukanijibu, huku misumari iko mdomoni, "Wewe cheka. Baba yako alijenga nini?" Baba yangu alijenga kibanda cha kuku, na kikaanguka. Nikarudi kupiga randa.

Haji alitaka neno la mtu asiye wa ukoo wowote. Kijana mmoja wa Koboko anayesoma Kampala akamleta mwalimu wake, mwanamke mdogo, mpole, anayetembea na buti kama za mgambo. Anaitwa Nakato, sisi tukamwita Madamu. Kazi yake ni kujua mti ulikatwa mwaka gani. Haulizi wazee. Anauliza mti wenyewe.

Nilipewa kazi ya kumpandisha juu, kwa kuwa ndimi fundi wa mbao niliyebaki karibu. Kabla hajafungua begi lake nikaamua kumsaidia. Nilisimama katikati ya msikiti, nikaweka mikono kiunoni, nikaitazama boriti moja kutoka chini, nikagonga nguzo kwa kiungo cha kidole, nikasikiliza kama daktari, kisha nikatangaza: "Madamu, kwa weusi huu na mlio huu, hii ni mbao ya zamani za babu. Unaweza kurudi Kampala." Akanishukuru kwa adabu. Akasema weusi ule unaweza kuwa moshi wa taa. Haji akakohoa. Nikaenda kuleta ngazi.

Anachokifanya ni hiki, nikueleze maana ungekipenda. Ana kekee ya mkono, nyembamba na tupu katikati kama mrija. Anaizungusha polepole mpaka ndani ya moyo wa boriti, kisha anavuta kijiti chembamba kama penseli, chenye mistari upande mmoja hadi mwingine. Kila mstari ni mwaka. Kwetu huku kiangazi kinabana, msaji unaangusha majani na kulala, mvua zikija unaamka na kuanza mstari mpya. Mwaka wa mvua nyingi mstari unanenepa, mwaka wa ukame unakonda. Nikamwambia hata mimi ni hivyo hivyo, ila kwangu ni harusi, si mvua. Misaji yote iliyosimama sehemu moja hukonda na kunenepa pamoja. Kwa hiyo yeye amekwisha kuchukua vijiti kwenye misaji mizee iliyo hai kando ya barabara za Arua, ambayo mistari yake inahesabika kutoka leo kurudi nyuma. Anachukua kijiti cha boriti, anakisogeza kando ya kile cha mti ulio hai, nyuma na nyuma tena, mpaka mistari myembamba ikae na myembamba na minene ikae na minene. Hapo ndipo anapojua mwaka. Shimo lililobaki analiziba kwa kijiti cha mbao, vizuri kabisa, hata wewe usingepata la kusema, ingawa ungetafuta.

Shida yake moja ni mafundi wasafi. Fundi akiparura gome lote na kuendelea kuchonga, anaondoa na mistari ya mwisho, basi mwaka mti ulipokatwa haujulikani, inabaki kukisia. "Naomba nipate hata kipande kidogo chenye gome," alisema. Nikamwambia asahau. Askari wa Mfalme wale, watu wa kupiga pasi mpaka kamba za viatu, wasingeacha gome.

Nikapanda mimi kwanza, na tochi.

Fundi, boriti zako. Chini zilikuwa laini kama meza, na juu, upande ule ambao mtu hauoni ila awe popo au fundi, zilikuwa na gome lake lote, kutoka ukuta hadi ukuta. Unajua miaka mingapi nimekutania kwa tabia hiyo? Kila nyumba tuliyoezeka, wewe ulisafisha chini na ubavuni, ukaacha juu. Nilikuambia ni uvivu. Nilikuambia unauachia mti shati lake. Wateja hawakujua, ilikuwa siri ya mimi na wewe na panya. Nikamulika kwenye maungio. Yalikuwa yamekatwa kutokea kushoto, kama yote tuliyoyakata pamoja, ambayo mimi nilikuwa napinda shingo ili niyamalizie.

Babu yako alitumia mkono gani sijui. Lakini nilijua niko ndani ya paa la nani.

Nikasogea kumpisha. Madamu alipopanda na kuliona lile gome alifurahi kama mtu aliyeona ndugu yake uwanja wa ndege. Akazungusha kekee yake kwenye boriti moja baada ya nyingine. Mimi nikamshikia taa, nikafikiri: ndiyo hivi, mkono wako wa kushoto na uvivu wako vitaliangusha paa hili, na hadithi yako italifuata. Jua lilipopungua akawa amekwisha kushuka na kukusanya vijiti vyake. Ngazi ikafa mara baada ya hapo. Nitairudia.

Akarudi Kampala kusugua vijiti vyake na msasa na kuvitazama kwenye darubini. Ikachukua muda. Katikati ya muda huo nilikwenda kwa Mama Zubeda kumuonya, kwa sababu sikutaka asikie habari hiyo mkutanoni. Nilimkuta anasaga karanga za odi, ile siagi yetu ya karanga. Nikazunguka maneno kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Nikasema mvua, nikasema bei ya mbao, nikasema labda, pengine, inawezekana paa si la zamani sana. Hakuinua kichwa. "Umepanda juu?" Nikasema nimepanda. "Umeona?" Nikasema nimeona. Akasaga kidogo. "Basi nyamaza, Candia. Ile mutoto ya Kampala aseme kwanza. Mimi iko." Akanipa odi ya kwenda nayo nyumbani. Njia nzima mpaka Arua nilikuwa sijui kama nimemuonya yeye au yeye ndiye kanionya mimi.

Mkutano ulikuwa nje ya msikiti, chini ya turubai, mawingu yakiwa tayari yamekusanyika upande wa Kuluba. Madamu alisimama akasema kwa ufupi, bila maringo. Kuta zinaweza kuwa za zamani, hiyo si kazi yake. Lakini miti ya paa yote ilikatwa ndani ya kiangazi kimoja. Mstari wa mwisho chini ya gome umekamilika, kwa hiyo mti ulikuwa umelala ulipokatwa. Na kiangazi chenyewe, kwa hesabu ya mistari, ni kile kilichofuata baada ya watu kuanza kurudi kutoka Kongo, tulikokimbilia vita.

Watu wakageuka kutazamana. Wazee wa kwanza walikuwa wamekwisha kufa zamani wakati huo. Nyuma yangu mtu alicheka, akasema, "Swadiki! Hata kaburini anatudanganya!" Na mwingine, "Babu gani alikuwa anakata mti kutoka kaburini?" Haji akainua mkono. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Mama Zubeda akasimama upande wa wanawake. Hakupaza sauti. "Nyinyi natafuta babu hapo juu," alisema. "Babu hapana iko hapo. Iko bwana yangu."

Akaeleza, na mimi ninakurudishia kama alivyosema, ili kama amekosea mahali mtagombana wenyewe.

Kwamba tulipokuwa bado Kongo, ninyi vijana watatu mlitangulia kwa miguu kuona kilichobaki. Kuta zilikuwepo. Boriti za babu hazikuwepo, zilikuwa zimekwenda kwenye moto wa mtu, na hakuna aliyemlaumu mtu huyo, kwa sababu miaka ile kila mmoja alikuwa amechoma kitu cha mwenzake. Baba yako alikuwa amebaki ng'ambo, macho yamekwisha, na alituma neno kwa kila anayevuka: anataka kurudi asali chini ya paa la baba yake, kisha Mungu afanye anavyotaka. Hamkuwa na muda. Mlikata misaji, mkaibeba mabegani, na yeye, bibi arusi mpya, aliwaletea maji. Mvua zilikuwa zinakaribia, mzee naye anakaribia. Ulisafisha upande ambao mkono ungeweza kuufikia. Wa juu ukauacha.

Mzee akafika akishikwa mkono. Wakamsimamisha barazani, pale boriti ilipo chini, akainua kiganja akaipapasa, huku na huku, mpaka mwisho wa mkono wake. Akasema, "Kazi ya baba." Na wewe ukasema, "Ndiyo, baba."

Basi. Alisali pale mpaka alipokufa, na hakuishi sana. Wenzako wawili walinyamaza kwa heshima yake, mmoja akafa, mwingine akahamia Sudani. Na wewe ukabaki na lile "ndiyo" mdomoni. Mama Zubeda alisema alikuuliza mara moja, baada ya matanga, kama sasa utasema ukweli. Ukamwambia, "Nimekwisha kumjibu." Tangu siku hiyo ukaanza kuisimulia hadithi ya babu kwa kila mtu, hata yule wa kigoda.

Mimi niliyekufanyia kazi tangu ndevu hazijaota, niliyekusikiliza ukijisifu kwa kila kitu, kuanzia samaki uliowavua hadi wasichana waliokukataa kwa upole, sikujua kwamba kazi yako nzuri kuliko zote ndiyo ile usiyojisifu nayo kamwe.

Ningependa kukuambia kwamba watu walilia na paa likaokolewa. Hapana. Matone yakaanza kupiga turubai. Haji alijifuta uso, akasema hukumu aliitoa yeye mbele ya watu na hawezi kuila. Paa si la wazee wa kwanza. Linashuka, na kuta zinashuka. Mama Zubeda akaitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, akaketi. Kisha Haji, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akasema boriti ni nzima, hakuna haja ya kununua zingine, zitapanda kwenye baraza ya msikiti mpya. Akanitafuta kwa macho. "Fundi Candia, utafanya wewe. Lakini safisha vizuri. Toa maganda yote, isikuwe aibu." Nikasema, "Ndiyo, Haji." Unaona? Hata mimi nimejifunza kusema ndiyo.

Kazi inaanza mvua zikipungua. Hivi ndivyo nitakavyofanya, nakuahidi. Nitasafisha chini na ubavuni mpaka Haji ajione uso. Juu sitagusa. Na ile boriti ya barazani nitaiweka chini kidogo kuliko fundi mwenye akili angeiweka, watu warefu watanilaani, lakini kipofu akiinua kiganja ataifikia. Na Madamu mwingine akija na kekee yake, sisi sote tukiwa tumekwisha oza, gome litamwambia mwaka, na maungio yatamwambia ni mtu wa mkono wa kushoto. Jina lako atauliza kwa wajukuu wa mwanao Zubeda.

Mbao za kaburi lako nilizikata mimi, nadhani hukuambiwa. Nilizipiga randa pande zote mbili, hata ule wa udongo. Najua ungesema napoteza muda wa watu, na maiti iko inangoja.

Sasa ngazi. Nilisema imekufa kwa uzee, na hivyo ndivyo nilivyomwambia Haji, na mke wangu, na mtu wa bodaboda. Haikuwa na kosa lolote, wala mashahidi hawakuwepo. Madamu alikuwa ameshuka na kutoka nje. Nilibaki peke yangu ndani na tochi, nikapanda tena mpaka kile kipandio cha juu kabisa, kile ulichonikataza tangu siku ya kwanza: "Mutu ya Oli hapana panda hapo. Hapo iko ya paka." Sikuwa na kazi ya kufanya huko. Nilitaka tu kulishika gome. Nililifikia kwa vidole viwili, nikajivuta niliguse kwa kiganja kizima, na kiganja kikafika, na kwa muda kidogo nilisimama hivyo na mkono juu ya shati la mti wako, nikikuita mvivu kwa sauti, kwa Kiswahili chetu. Nadhani nilikuita mara nyingi. Hapo ndipo kipandio kilipokatika.

Lala, Fundi. Ngazi nyingine nimeanza kuitengeneza, na kipandio cha juu nimekifanya kinene.

Wako wa karakana,
Candia